Kuongeza pawa tu haisaidii

Ssebo uliyeuliza kwa nini jeshi likivurugiwa redio, yaani adui akirusha mawimbi ya kelele juu ya maongezi yake, lisiongeze tu pawa mpaka sauti ipite: ukipandisha pawa hata adui anakusikia vizuri zaidi, anapima umekaa wapi na mizinga inaanza kuanguka hapo hapo. Dawa kubwa ni kurukaruka masafa, yaani redio inahama chaneli haraka haraka. SINCGARS, redio ya jeshi la Wamarekani, inaruka kama mara 111 kwa sekunde kati ya MHz 30 na 88, redio zote za kikosi zina ufunguo mmoja (kodi ya siri ya mpango wa kuruka) na saa zinazokubaliana, sasa adui akikaa kwenye chaneli moja anagonga kipande kidogo sana cha maneno, akitaka kufunika zote inabidi agawanye pawa yake kote na inakuwa nyepesi. Ila saa yako ikikosea umebaki nje ya neti, yaani huwasikii wenzako wala hawakusikii, na ukishawishika kurudi chaneli moja ya wazi basi umekwisha.

Halafu tumia mlima bwana! Stesheni zetu za FM zinaanzia pale pale 88, kwa hiyo mawimbi yanafanana, na watu wa Kabale kule milimani Uganda wanajua ukishuka bondeni stesheni inavyokwaruza, sasa panga kilima kiwe kati yako na mvurugaji sio kati yako na wenzako, na antena ielekee kwa wenzako tu. Maneno mafupi. Kambini tandika waya wa simu, huo havurugi mtu kwa mawimbi.

Na afande asiseme hewani wazi eti "tunavurugwa", hapo unampa adui ripoti ya kazi yake bure.