Kwa nini mmumunyo wa sodiamu haidroksidi haufiki 0.1 M?

Swali: Nilipima gramu 4.0 za sodiamu haidroksidi, nikaziyeyusha na kujaza maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Nilitarajia 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), lakini nikititresha, yaani nikiupima kwa bureti, kwa asidi ninayoiamini napata 0.094 M, tena kila ninaporudia. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, maana moli moja ya sodiamu haidroksidi ni gramu 40. Na kwa kuwa majibu yanajirudia, sina shaka na mkono wako kwenye bureti. Tatizo liko kwenye kile ulichokiweka juu ya mizani.

Ziangalie punje zake dakika chache baada ya kufungua chupa: zinaanza kung'aa, kisha zinalowana na kunatana. Zinafyonza unyevu wa hewani, na mizani inahesabu maji hayo kama sodiamu haidroksidi. Papo hapo zinanasa kabonidioksidi na sehemu yake kugeuka sodiamu kaboneti. Hii ya pili ina hila zaidi, kwa sababu ukitumia fenolftaleini kama kionyeshi rangi hubadilika kaboneti ikiwa imefika nusu ya safari tu, kwenye haidrojenikaboneti. Kwa kionyeshi kingine, methili ya machungwa, ungepata jibu la juu kidogo kwa mmumunyo uleule.

Kwa hiyo usitegemee uzito kupata ukolezi wa sodiamu haidroksidi. Pima takriban gramu 4, yeyusha, acha ipoe (hutoa joto inapoyeyuka) ndipo ujaze hadi alama, halafu utafute ukolezi halisi kwa kitu kisichobadilika hewani. Mimi napendelea potasiamu haidrojeni ftalati, ambayo moli yake ni gramu 204.22. Ikaushe kwenye tanuri kwa nyuzi 110 hivi, ipoe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, kisha pima gramu 0.5106, yaani moli 0.0025. Moli moja yake inamenyuka na moli moja ya sodiamu haidroksidi. Ikitumika mililita 26.6 kutoka kwenye bureti, gawanya 0.0025 kwa lita 0.0266: ni 0.0940 M. Andika namba hiyo kwenye chupa, pamoja na tarehe.

Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, ili kabonidioksidi itoke kwanza. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Kioo huliwa taratibu na alkali, na kizibo cha kioo hung'ang'ania. Mmumunyo ukikaa wiki kadhaa bila kutumika, titresha upya.