Kosa la chapa na kosa la makubaliano

Ukianza ukarani katika ofisi ya mawakili hapa Nairobi, utapewa mapema faili za walioumia viwandani, kwa sababu watu hudhani ni kazi nyepesi. Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile WIBA, imeshaweka hesabu: kwa ulemavu wa kudumu, mapato ya miezi 96 mara asilimia aliyoandika daktari. Nani atakosea hapo?

Mimi nilikosea. Kijana wa kiwanda kimoja cha Industrial Area alikatwa vidole na mashine, ulemavu asilimia 12. Mwajiri akaleta makubaliano yaliyokwisha chapwa: Sh207,360. Nikashika kikokotoo: mshahara wa 18,000 mara 96, mara 12 kwa mia. Sawasawa. Kijana akaitwa kusaini. Kalamu ikiwa mkononi akauliza, "Na pesa ya nyumba?"

Hati yake ya mshahara ilikuwa na 4,500 za nyumba kila mwezi, na marupurupu ya kawaida kama hayo huhesabiwa kuwa mapato. Alistahili 259,200. Alikuwa karibu kupoteza 51,840 mbele ya macho yangu, na hesabu yangu haikuwa na kasoro hata moja! Tangu siku hiyo naanza na hati ya mshahara. Kiasi walichoandika wao nakitazama mwisho.

Jina kukosewa herufi, nambari ya kitambulisho kupinduka, mkono wa kulia kuandikwa wa kushoto: hayo ni makosa ya chapa. Kabla ya saini, chapa upya. Baada ya saini, andika hati fupi ya marekebisho itaje kifungu na kinavyosomeka sasa, pande zote zisaini tena. Ile dawa nyeupe ya kufutia iache kwenye droo. Makubaliano yakishakuwa amri ya mahakama, kifungu cha 99 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaruhusu kosa la kuandika au la hesabu lirekebishwe wakati wowote.

Lakini pesa ya nyumba iliyosahaulika usiipenyeze humo. Hilo ni kosa la makubaliano yenyewe, na mahakama haitengui maridhiano ila kwa sababu nzito kama ulaghai au njama. Na kama kinacholalamikiwa ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, afisa wa serikali anayeamua madai ya WIBA, pingamizi lina siku 60 tu. Mpelekee wakili faili siku hiyo hiyo, tarehe ya uamuzi ikiwa imeandikwa juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.