Msichimbe bwawa kwa hasira ya kiangazi

Kila kiangazi kinaporefuka, maswali ya wenye mabwawa wapya yanakuja kwa mpangilio uleule. Kwanza: maji yanashuka, ni jua au bwawa linavuja? Wiki chache baadaye: samaki wanahema juu ya maji alfajiri, niwape nini? Mwisho inakuja picha ya katapila limesimama katikati ya sakafu kavu, na mwenye bwawa anafurahi kwamba angalau ukame umempa nafasi ya kuongeza kina. Hiyo picha ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Mnaoanza, bidii yenu inatia moyo sana, ila ni bidii hiyohiyo inayotoboa mabwawa. Tuta la kuzuia maji, kokoro la kuvulia samaki na bomba la kutolea maji mnavijua, kwa hiyo sitaanza huko.

1. Pima kwanza, ndipo ulilaumu jua

Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa mpaka sentimita tano hivi chini ya mdomo, uiweke ndani ya bwawa juu ya tofali. Izame zaidi ya nusu, ili maji ya ndani na ya nje yawe na joto linalokaribiana. Weka alama ya maji ndani ya ndoo, na nyingine kwenye kigingi ulichosimika bwawani. Ngoja saa 24 bila mvua, bila kuongeza maji, bila mifugo kunywa. Ndoo ikishuka milimita 6 na bwawa 7, huyo ni jua. Ndoo ikishuka 6 na bwawa 25, basi milimita 19 zinapotelea ardhini na hakuna kivuli kitakachokuokoa. Rudia siku tatu, maana upepo wa siku moja unadanganya.

Kumbuka pia hesabu hii: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bwawa la mita 20 kwa 15 likipoteza milimita 6 kwa siku, zimekwenda lita 1,800. Ni madumu 90 ya lita 20, na hayo ni ya kulibakiza pale lilipokuwa jana tu. Kabla ya kumchosha mtu na dumu kichwani, piga hesabu.

2. Nusu ya kina si nusu ya maji

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Bwawa hilohilo la mita 20 kwa 15, lenye kina cha mita 2 na kingo zinazolala mita 2 kwa kila mita 1 ya kwenda chini, linabeba kama mita za ujazo 360. Kina kikifika mita 1, zimebaki 127 hivi. Mtu akitazama kigingi anasema "bado nusu", kumbe ana theluthi, na samaki ni walewale, tena wameongezeka uzito. Anza kuvuna wakubwa maji yakiwa bado juu ya mita moja. Ukingoja yafike magotini utavuta kokoro kwenye tope, utachafua maji yote, na wale uliotaka kuwabakiza wanaweza kufa usiku uleule.

Mwenye mabwawa mawili ya kina kifupi ahamishie maji na samaki wote kwenye lile lenye kina zaidi, mapema. Uso mdogo wa maji, hasara ndogo.

3. Alfajiri ndiyo saa ya kutembelea bwawa

Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayazidi 7.6. Mchana mwani unatengeneza oksijeni, usiku unaitumia pamoja na samaki na uchafu unaooza, kwa hiyo akiba inakuwa ndogo kabisa karibu na mapambazuko. Anayekagua bwawa saa nne asubuhi anaona maji ya kijani na samaki watulivu, anaondoka na moyo mweupe. Nenda saa kumi na moja alfajiri. Perege wakiwa wamejipanga juu wakihema, siku hiyo usilishe kabisa. Kambale usiwatumie kama kipimo, wao hupanda kuvuta hewa hata maji yakiwa mazuri.

Chakula kipunguzwe hadi nusu mara tu maji yanapoanza kushuka na kupata moto. Kinachobaki bila kuliwa kinaoza, kinakula oksijeni na kuzaa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na amonia huuma zaidi maji yanapokuwa na joto na pH (kipimo cha ukali wa maji) ya juu. Jua la mchana na mwani mwingi vinaleta vyote viwili, tena mchana huohuo.

Ukiongeza maji ya kisima kirefu, usiyaingize kwa bomba lililozama. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha, na mengine yana chuma kinachoganda kwenye matamvua ya samaki. Yaangushe kutoka juu kwenye bamba lenye matundu au rundo la mawe yapigike na hewa, na uongeze kidogo kidogo. Ya bomba yenye klorini yakae wazi kwenye tangi siku moja au mbili kwanza.

4. Magugu maji si kivuli

Gugu maji linaonekana limefunika maji vizuri, kumbe linayanyonya na kuyapeperusha kupitia majani yake, na mara nyingi hasara hiyo inazidi ile ya maji yaliyo wazi. Litoe. Kama unataka kupunguza hasara, kata upepo: panda safu ya miti au simika uzio upande unakotoka upepo, mbali na tuta.

5. Tope ni kitu kimoja, sakafu ni kingine

Hapa nitakaa.

Bwawa lililokauka lina tabaka. Juu kuna tope laini, jeusi, lenye harufu ya majani yaliyooza. Hilo ni uchafu wa miaka, na kuliondoa ni kazi nzuri. Chini yake kuna sakafu yenyewe: mfinyanzi mgumu wa rangi moja, unaoteleza ukilowa na kung'aa ukikatwa na jembe. Chini ya mfinyanzi mara nyingi kuna mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa. Ule mfinyanzi ndio bwawa. Unaweza kuwa na unene wa mita mbili, unaweza kuwa na sentimita 30, na kwa kuutazama kutoka juu huwezi kujua.

Sasa tazama kosa linavyojengeka. Katapila limekodiwa kwa saa, kwa hiyo kila mtu ana haraka. Dereva anaanza na tope, linatoka kirahisi, sakafu inabaki safi. Mwenye bwawa anaona muda bado upo, anasema "ongeza nusu mita". Meno ya ndoo ya katapila yanaung'oa mfinyanzi kwa mabonge. Halafu rangi inageuka, inakuwa nyepesi au yenye madoa. Udongo uliokuwa ukishikamana ndani ya ndoo unaanza kumwagika pembeni. Hapo ndipo pa kupiga kelele "simama!", lakini hakuna anayepiga, kwa sababu mchanga unachimbika haraka kuliko mfinyanzi na wote wanaona kazi imeshika kasi. Na mfinyanzi uliong'olewa umeshasukumwa kwenye tuta pamoja na tope, umeharibika. Hata udongo wa kuzibia haupo tena.

Mvua inakuja, bwawa linajaa, watu wanafurahi. Wiki moja baadaye maji yameshuka nusu mita, na hapo unasikia "ardhi ina kiu, itashiba". Ni kweli udongo mkavu hunywa maji siku za mwanzo, ila unywaji huo hupungua siku hadi siku. Uvujaji wa mchanga haupungui hivyo. Huwa mkubwa zaidi bwawa likiwa limejaa, kwa kuwa uzito wa maji ndio unaoyasukuma chini. Rudi kwenye ndoo yako ya alama, itakuambia ni lipi. Wala shimo si lazima liwe kubwa. Kipande cha mita mbili kwa tatu kilichofika kwenye changarawe kinatosha kulikausha bwawa zima, wakati sehemu nyingine zote ni nzima. Kwa haraka watu wanamwaga saruji juu yake. Tabaka jembamba la saruji juu ya udongo unaovimba na kusinyaa linapasuka, na maji yanapita palepale.

Kwa hiyo, kabla mashine haijaitwa: toboa matundu membamba kwa mkono, matatu au zaidi, moja likiwa sehemu yenye kina kikubwa. Kila sentimita 20 toa udongo, ulowanishe, ufanye donge, lirushe juu nusu mita na ulidake. Likivunjika lina mchanga mwingi, likidakika zima ni zuri. Andika kina ambacho donge linaanza kuvunjika. Kisha ziba kila tundu kwa mfinyanzi mbichi, sentimita 10 kwa wakati, ukishindilia kwa mti. Tundu la kupimia lililoachwa wazi nalo ni tundu. Ukikuta mfinyanzi ni mwembamba, toa tope tu na uache kina kilivyo. Ukikuta ni mnene, acha sentimita 60 bila kuguswa, simika vigingi vya kina, na asimame mtu anayejua kutazama rangi ya udongo muda wote mashine inapofanya kazi. Mtu huyo asiwe dereva.

Tope lililotolewa lipeleke shambani. Ukiliweka juu ya ukingo, mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka.

Na kama limeshatobolewa? Ondoa mchanga uliolegea, panua sehemu ya kuziba nusu mita zaidi kila upande, lete mfinyanzi kutoka nje ya bwawa. Tandaza sentimita 15, shindilia, tandaza tena, mpaka upate unene wa angalau sentimita 30 baada ya kushindiliwa kwa bwawa lisilozidi kina cha mita 3. Unyevu ndio siri: ukiukamata mkononi ushikamane bila kutoa maji na bila kubomoka. Mkavu haushindiliki, na uliolowa sana unakimbia chini ya mguu. Kama huna mashine yenye gurudumu la vidole, swaga ng'ombe au mbuzi wazunguke hapo kila baada ya tabaka moja. Kwato zao zinafanya kazi hiyo vizuri sana. Ukiwa na bentonaiti, yaani unga wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, tumia kilo 5 hadi 15 kwa mita ya mraba, ichanganywe na sentimita 10 hivi za udongo wa juu; penye mchanga tumia kipimo cha juu. Kisha usiache eneo hilo lipigwe na jua. Funika kwa udongo, mwagia.

Hilo la mwisho linahusu hata bwawa ambalo hakuna aliyeligusa. Sakafu nyembamba ikikauka kabisa inapasuka mpaka chini. Ukiweza, bakiza sentimita 30 au 50 za maji hata kama samaki umeshavuna wote. Usipoweza, mvua zikikaribia lowanisha sakafu, ilegeze sentimita 15 za juu uvunje zile nyufa, ushindilie upya. Nyufa za juu zikijifunga zenyewe kwa matope ya mvua, zile za ndani zinabaki.

6. Mifugo

Weka uzio, toa maji kwa bomba hadi kwenye hori nje ya bwawa. Ng'ombe mkubwa wakati wa joto hunywa lita 50 na zaidi kwa siku, lakini kwato zake kwenye tope la kingo zina hasara kuliko kiu yake, na mnyama dhaifu akinasa hapo hatoki. Maji yakipata utando wa kijani unaong'aa kama rangi iliyomwagika, huo unaweza kuwa mwani wa bluu-kijani wenye sumu: wazuie wasinywe, wala usimwage sulfati ya shaba ili kuua mwani huo, kwa maana mwani ukifa kwa pamoja sumu yake inaachiwa majini na kuoza kwake kunamaliza oksijeni.

7. Bwawa la nailoni

Nailoni nyembamba isiyo nyeusi, iliyotandikwa bwawani kuzuia kuvuja, inaliwa na jua haraka. Usiiache tupu, maji ya sentimita 30 yanaizuia isipeperushwe na upepo, na sehemu iliyobaki wazi ifunikwe.

8. Tuta kabla ya mvua

Tuta lililokauka miezi mingi lina nyufa, mashimo ya panya na ya kaa, na mizizi iliyokufa. Kila kimoja ni njia ya maji. Usimwage udongo mkavu ndani ya ufa. Chimba mfereji kuufuata mpaka uone mwisho wake, rudishia mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka, shindilia. Safisha njia ya maji ya ziada, na juu ya maji yaliyojaa tuta libaki na angalau sentimita 30.

Mvua kubwa ya kwanza ikija, fungua bomba la chini, usiliache bwawa lijae kwa siku moja. Shikilia maji kwenye nusu kwa siku kadhaa ukikagua kitako cha tuta upande wa nje, asubuhi na jioni. Maji kidogo yanayochuruzika yakiwa safi, weka alama na uendelee kuyaangalia. Yakitoka na rangi ya udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Shusha maji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.