Karata za kubahatisha mwanzoni mwa mashindano ya poka

Ndugu, umeuliza kama tano mbili (jozi ya tano), au saba na nane za kopa, zinafaa kuchezwa blaindi (dau za lazima, ndogo na kubwa, zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa) zikiwa bado 10/20 na kila mtu ana chipu 3,000. Zinafaa, ila usilipe bei ya nguru kwa dagaa.

Ukishika tano mbili, tano ya tatu hutokea kwenye flopu (karata tatu za kwanza za wote zinazofunuliwa mezani) takriban mara 1 katika 8 na nusu. Kwa hiyo mara nyingi utalipa, utatazama, utatupa. Ili mchezo ulipe, siku inapotokea lazima uvune nyingi. Mtu akipandisha hadi 60, mimi naingia iwapo sote wawili tumebakiwa na walau mara 15 ya hiyo, yaani 900. Mwanzoni hilo si tatizo. Blaindi zikifika 100/200 nawe una 2,500, hesabu hiyo imekufa: sukuma chipu zote au tupa karata.

Saba na nane za kopa ni tamu kwa macho. Kupata flashi (karata tano za aina moja, hapa kopa) papo hapo kwenye flopu ni chini ya mara 1 katika 100. Zicheze ukiwa wa mwisho kuamua, kwa bei ndogo. Na flopu ikileta nane, mbili na mzungu (karata ya picha), mtu akipiga dau kubwa, tupa! Hukuingia kutafuta jozi ya nane. Mimi hapo ndipo nimeachia chipu nyingi, usiku wa manane, macho mekundu, nikijiambia "huyu anadanganya tu".