Zima sabufa, tega sikio: kusikiliza kwaya za kanisa za Ufaransa

Mara ya kwanza kusikiliza Requiem, yaani misa ya wafu, ya mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré nilikuwa kwenye daladala, jioni, nimesimama karibu na mlango. Rafiki yangu alikuwa amenirushia kwa simu na kunisisitiza niisikilize siku hiyohiyo. Nilichosikia ni injini na konda. Kwaya inaanza chini mno, nikaongeza sauti mpaka mwisho, na ilipofika kwenye maneno "et lux perpetua", yaani "na mwanga wa milele", waimbaji wote wakapaza kwa pamoja, nikang'oa hedifoni masikioni. Niliifuta kabla sijafika kituo changu.

Niliirudia miezi mingi baadaye, baada ya kumzika baba. Tanga lilikuwa limeshaanuliwa, wageni wamerudi makwao, umeme umekatika, mtaa mzima kimya. Safari hii nilisikia kinachofuata baada ya pale waliponishtua: kwenye "luceat eis", "uwaangazie", kwaya inashuka ghafla mpaka kwenye mnong'ono. Kumbe mtunzi alikusudia. Mwanga unawaka, halafu unatua taratibu juu ya marehemu.

Naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na wenzangu huniuliza waanzie wapi na muziki huu wa Wafaransa. Huwa nawaambia waanze na wimbo ambao sikio tayari linaujua, wausikilize huohuo mpaka wauzoee, tena mahali palipotulia. Albamu nzima isubiri.

Kwa Mkatoliki wa huku kwetu, wimbo huo upo. Aliyewahi kupiga magoti wakati wa Baraka ya Sakramenti Kuu amesikia Tantum ergo, na Alhamisi Kuu kwaya nyingi bado huimba Ubi caritas. Kilatini cha kuimbwa kilikuja na wamisionari, wakiwamo mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Sasa Maurice Duruflé, mpiga ogani wa kanisa la Saint-Étienne-du-Mont jijini Paris, alizichukua nyimbo za Gregori za namna hiyo, yaani nyimbo za kale za Kilatini za kanisa, na mwaka 1960 akatoa moteti (nyimbo fupi za kwaya) nne zilizojengwa juu yake, zisizo na ala yoyote. Mbili kati ya hizo ni Ubi caritas na Tantum ergo. Ubi caritas huchukua dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo hata mtu mwenye shughuli nyingi hana kisingizio.

Ukiisikiliza, watafute alto, sauti ya chini ya wanawake. Mwanzoni soprano, wale wa sauti ya juu, wamenyamaza. Ule wimbo wa kale umebebwa na alto, na sisi wanaume tuko chini yao, tumetandazwa kama mkeka. Mwalimu wetu alipotuletea nota zake tulikwama wiki tatu nzima. Tulihesabu moja-mbili-tatu-nne kama tulivyozoea, na kila tulipofika mwisho wa mstari tulikuwa tumepishana. Jioni moja tukaacha kuimba, tukaizunguka simu ya mwalimu iliyowekwa juu ya kinanda, tukasikiliza tu. Ndipo tulipogundua kwamba mapigo yanafuata maneno: hapa mawili, pale matatu, kadiri silabi inavyotaka kuvutwa. Kijana mmoja wa tenor akasema ni kama padri anavyoimba Utangulizi kwenye Misa, hakuna anayempigia ngoma. Alisema kweli. Tangu jioni ile tuliweza kuimba mpaka mwisho bila kupishana.

Vifaa vya gharama huhitaji. Ila sabufa la nyumbani, lile tulilolizoea kwa gospeli na taarabu, litakuharibia: linavimbisha besi ya ogani mpaka inafunika maneno. Kama ndilo ulilonalo, teremsha besi yote. Hedifoni ya kawaida inatosha, mradi pande zote mbili ziwe nzima. Yangu iliwahi kufa upande mmoja bila mimi kujua, nikaishi kwa muda nikiamini kwaya fulani ina tenor dhaifu. Niliponunua nyingine, tenor wakatokea upande wa kulia, wengi na wenye nguvu. Halafu pima sauti kwa kutumia sehemu inayopazwa kuliko zote, ukisharidhika usiiguse tena. Za chini ziache ziwe chini. Sikio litazifuata lenyewe. Na kwa kuwa rekodi nyingi za muziki huu hufanywa kanisani, mwangwi hubaki ukielea baada ya waimbaji kufunga midomo. Usiukate. Ungoje uishe ndipo uweke wimbo mwingine.

Kwenye Requiem ya Fauré ndipo wengi hupotea. Utakuta rekodi chungu nzima, na hazifanani, kwa sababu kazi yenyewe ina maumbo zaidi ya moja. Fauré alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa la La Madeleine, Paris, na iliimbwa pale kwa mara ya kwanza Januari 1888, kwenye misa ya kumwombea marehemu mmoja aliyekuwa msanifu majengo. Ilikuwa na sehemu tano tu na ala chache: viola, selo, besi, kinubi, timpani (ngoma kubwa za okestra) na ogani, na fidla moja inayojitokeza kwenye Sanctus. Soprano walikuwa wavulana, maana wanawake hawakuwa kwenye kwaya ile. Baadaye aliongeza sehemu mbili, Offertoire na Libera me, na mwaka 1900 ikaimbwa na okestra kamili. Utenzi mrefu wa Siku ya Ghadhabu, ambao watunzi wengine waliutumia kutikisa kuta, Fauré aliuacha, akabakiza mstari wake wa mwisho tu: Pie Jesu, "Yesu mwema, uwape pumziko".

Kwa anayeanza nashauri umbo dogo, lile lenye ala chache. Kiongozi wa kwaya John Rutter alilirekodi na Cambridge Singers mwaka 1984, na Philippe Herreweghe akafuata mwaka 1988 na kwaya ya La Chapelle Royale. Ukishalizoea, tafuta rekodi ya André Cluytens ya mwaka 1962, yenye okestra kubwa, uone jengo lilelile likiwa limejaa watu. Kisha fanya zoezi moja ambalo mimi hulirudia: sikiliza Pie Jesu ya mwimbaji Victoria de los Ángeles katika rekodi ya Cluytens, halafu usiku huohuo ile ya rekodi ya Michel Corboz ya mwaka 1972, iliyoimbwa na mvulana. Mama yule anaomba kama mtu mzima aliyeshazika wengi. Mvulana anaomba kama mtoto anayeamini atajibiwa mara moja. Nota ni zilezile.

Mtunzi Francis Poulenc mwache kwanza, lakini usimsahau. Mwaka 1936 mtunzi mwenzake, Pierre-Octave Ferroud, alikufa katika ajali ya gari huko Hungaria, naye Poulenc akaenda Rocamadour, mahali pa hija penye sanamu ya mti ya Bikira Maria Mweusi. Akatunga Litanies à la Vierge noire kwa sauti tatu za wanawake au watoto, pamoja na ogani. Sisi tuliolelewa na litania za mwezi wa Rozari tunaujua mwendo wake: unaita, unaomba, unaita tena. Tofauti ni ogani. Wanawake wanaomba kwa upole kabisa, mara ogani inaingia kwa ukali kama mlango uliobamizwa, nao wanaendelea kuomba. Mwili hunisisimka kila ninapoisikiliza.

Na kabla ya wimbo wowote kati ya hizi, tafuta maana ya maneno, uyaandike kwa mkono ikibidi. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Sehemu ya mwisho ya Requiem ya Fauré, In Paradisum, ni antifona, wimbo mfupi wa ibada, ya kuimbwa jeneza linapotolewa kanisani kwenda kaburini. Soprano wanaelea karibu peke yao, wengine wakiingia kwa uchache. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya baba, tukishamaliza rozari, huiweka kwa sauti ya chini sebuleni. Mwaka jana mama, asiyejua Kilatini, aliniuliza wale wanawake wanasema nini. Nikachukua karatasi yangu nikamsomea: malaika wakuongoze paradisini, kwaya ya malaika ikupokee, na pamoja na Lazaro, aliyekuwa maskini zamani, upate pumziko la milele. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia niirudishe mwanzo.