Ol Doinyo Lengai: niulize habari za kushuka

Wanaoona picha zangu za Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, huniuliza kama mlima unapandika. Unapandika. Ningependa waniulize kuhusu kushuka.

Tulianza saa tano usiku, maana mchana mteremko ule hauna kivuli, wala mlimani hakuna maji. Beba lita nne na uzigawe. Mimi zangu niliziteketeza kabla ya kileleni. Huko juu njia inakwisha, unabaki kutambaa kwenye jivu gumu lililochongwa makorongo na mvua. Vaa glavu. Nilikwenda mikono mitupu, kulipokucha viganja vimechunika kama niliyevipitisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Kileleni, karibu mita 2,960, tulifika kungali giza. Nilianza kwa kusikia: kitu kinatokota kama uji mzito, kinapiga kishindo, kinanyamaza. Chini ya kasoko, yaani shimo la volkano, lava ilikuwa ikirukaruka, nyekundu ya makaa yanayofifia. Sikusema neno kwa muda mrefu, nami si mtu wa kunyamaza. Lava hii imejaa magadi, joto lake nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida, na ni nyepesi mno, hutiririka kama maji. Kulipopambazuka wekundu ukapotea, kikabaki kitu kama tope jeusi. Mchana, asiyejua angeweza kuikanyaga. Ikipoa hufyonza unyevu na kuwa nyeupe, ndiyo maana wengine kwa mbali hudhani kilele kina theluji.

Nikasogea nipige picha. Kiongozi wetu, Mmaasai asiye na maneno mengi, akanivuta kwa mkoba.

"Kaka, hapo uliposimama chini hakuna kitu."

Niliposogea pembeni nikaona: tabaka la jivu lenye unene wa godoro, limening'inia hewani. Zamani kasoko ilijaa lava hadi ikamwagika. Milipuko ya 2007 na 2008 ikaacha shimo lenye kuta wima, na ukingo humomonyoka. Kabla ya milipuko hiyo, Julai 2007, ardhi ilitikisika hadi Nairobi wakasikia. Kwa hiyo ukifika kijijini, uliza kwanza kama kumekuwa na matetemeko. Wakisema ndiyo, rudi nyumbani.

Harufu ya yai viza ikikukaba, hama upande upepo unakotoka. Lakini hewa ya ukaa haina harufu, ni nzito, hutuama mabondeni. Watu wa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, huiita mazuku, nao wanajua inavyoua. Usijipumzishe kwenye kishimo, hata kama kinakukinga na baridi.

Sasa kushuka. Jua limetoka, maji yamekwisha, magoti yanatetemeka, na akili bado iko kule juu. Nilianguka mara tatu, zote baada ya kugeuka kutazama kilele. Ukitaka kutazama, simama kwanza. Halafu kata kucha za miguu kabla ya safari. Zangu za vidole gumba zilisukumwa na kiatu mteremko mzima, wiki iliyofuata zikang'oka zote mbili.