Usipulize jiberelini kwenye Supa: niliyoyaona maabara na shambani

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama upulize jiberelini, homoni inayorefusha mimea, kwenye mpunga wako wa aina ya Supa huko Kilombero ili ukue haraka, na kama kuna mahali wanauza miche ya mpunga ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara ndani ya chupa, kama ile ya migomba. Nimefanya kazi maabara ya tishu miaka minne, muda mwingi nikiwa na mpunga, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Jiberelini achana nayo. Homoni hii iligunduliwa kutokana na ugonjwa wa mpunga. Wakulima wa Japani walikuwa wanaona miche inarefuka kuliko wenzake, inapauka, inakuwa myembamba, kisha inakufa au inabaki bila punje. Wakauita bakanae, mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kinachorefusha miche ni kitu kinachotolewa na kuvu, na kitu hicho ndicho baadaye kikaitwa jiberelini. Sasa Supa tayari ni ndefu, ukizidisha urea kidogo tu mvua inailaza. Ukiirefusha tena utavuna kwenye tope. Aina ya mpunga ya IR8, iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966, ilizaa sana kwa sababu ni fupi, na ufupi wake unatokana na hitilafu kwenye kutengeneza jiberelini hiyo hiyo. Wanaoipuliza kwa faida ni wazalishaji wa mbegu chotara, ambao masuke ya mmea jike hukwama kwenye ala ya jani, nayo jiberelini huyasukuma nje.

Miche ya tishu: mgomba hauna mbegu ya kupanda, ndiyo maana maabara inausaidia. Mpunga unajichavusha wenyewe na suke moja linakupa punje zaidi ya mia zinazofanana na mama yao. Hakuna sababu ya kulipia mche wa chupa. Tena miche inayopitia maabara mara nyingine hutoka tofauti: mmoja mfupi, mwingine tasa, mwingine unawahi kukomaa. Kwa mkulima hiyo ni hasara. Kwa mtafiti anayetafuta aina mpya, huo ndio utajiri wenyewe.

Nikueleze tunavyofanya, uone homoni inavyotaka adabu. Unamenya punje taratibu bila kuumiza kiini, unaiosha kwa spiriti ya asilimia 70, halafu Jik iliyochanganywa na maji, kisha maji safi mara kadhaa. Unaiweka kwenye chakula cha aga (jeli itokanayo na mwani) chenye 2,4-D miligramu 2 kwa lita, gizani. Ndiyo, ni 2,4-D hiyo hiyo mnayoulia magugu ya majani mapana, ila kwenye bomba la kupulizia inakuwa nyingi zaidi ya mara elfu. Kwa kiasi hicho kidogo kiini hakifi, kinasahau kuwa mche na kufanya bonge la seli tunaloliita kalasi. Baada ya wiki tatu au nne, kalasi nzuri ni kavu, ya rangi ya maziwa mgando, imejaa vipele vidogo kama chenga za mchele. Ile ya majimaji inayong'aa haitoi kitu. Kisha unaiondoa kwenye 2,4-D, unaipa saitokinini nyingi (homoni ya kuchipua) na oksini kidogo (homoni ya jamii ya 2,4-D), unaitoa gizani na kuiweka kwenye mwanga, na madoa ya kijani yanatokea.

Supa ilinitesa. Kundi langu la kwanza lote liliota ukungu, kwa sababu mbegu nilizitoa kwenye gunia lililolala kwenye unyevu, na kuvu ilikuwa chini ya ganda ambako Jik haifiki. La pili likawa kahawia likafa. La tatu nililaza kalasi juu ya karatasi kavu ya kuchujia, ndani ya sahani iliyofungwa, siku nzima kabla ya kuihamisha. Mabonge yaliyonyauka kidogo ndiyo yaliyochipua. Nilipoona ncha ya kwanza ya kijani niliwaita watu wa chumba cha jirani waje kuangalia.

Kwa hiyo pesa uliyotenga, nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania. Kama shida yako kubwa ni mpunga kulala, jaribu aina ya mpunga ya TXD 306, ile SARO 5, kwenye jaruba moja pembeni ya Supa. Pandikiza miche ikiwa michanga, na urea igawe mara mbili: ya kwanza miche ikishashika, ya pili kabla mpunga haujashika mimba.